Kilometa Elfu Moja na Mia Mbili za Mzee Kisimba

Kisimba ameendesha malori kati ya Kolwezi na Musumba miaka thelathini na mmoja, na hajui kipimo cha umbali ila siku za kulala njiani. Ukimtajia kilometa anazigeuza siku papo hapo. Mvua ikinyesha, usimwulize kabisa.

Jumamosi ile, saa mbili asubuhi, sebule yake ilijaa wageni. Walikuja kumposa binti yake Fidélie, anayesoma Guangzhou, China, kwa niaba ya Muamba, kijana wao anayefanya kazi Shanghai, China hiyo hiyo. Bia zilipangwa mezani, baridi, zimefungwa. Desturi ya nyumba hiyo ni moja: baba akikubali, yeye ndiye anayefungua ya kwanza.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Kisimba alipouliza, "Na hii Shanghai, ni mbali na kwenye mutoto yangu iko?"

"Kilometa elfu moja na mia mbili, tata," akajibu Tshiamala, mjomba wa Muamba na msemaji wao, mtu wa suti na maneno mengi.

Kisimba akahesabu vidoleni, vidole vikaanza kumwishia. Siku nane, tena kiangazi! Guangzhou alishaizoea kwa shida, leo wanamwongezea njia nyingine.

"Hapana. Mutoto atapotea."

"Tata, na avion ni masaa mbili na kitu!"

Hapo akawaka kweli. Ndege gani hiyo? Kudanganywa na mkwe kabla hata ya mahari!

"Masaa mbili mi niko bado ku Nzilo, hapa karibu, kama kuko matope! Unanidanganya mu nyumba yangu?"

Bahati nzuri, muda huo huo Muamba alikuwa anapanda ndege kwenda kumtembelea Fidélie, na picha yake ikaingia kwenye simu ya Tshiamala. Kisimba akaamuru: hakuna chupa kufunguliwa mpaka kijana afike kwa Fidélie. Wageni wakakaa. Bia zikapata joto, Tshiamala akalegeza tai, na mwenyeji akawasimulia njia ya Musumba yote, tope kwa tope.

Saa tano na nusu simu ikaita. Nyuso mbili zilikuwa kwenye kioo, zikicheka. Kisimba akamtaka Muamba amshike Fidélie sikio, ahakikishe hawako sehemu mbili. Akamshika.

"Sawa, ni kweli," akasema mzee, akafungua chupa. Povu likamrukia Tshiamala kwenye suti, watu wakapiga vigelegele.

"Na toka kule mpaka hapa?" akauliza, akijifuta mikono.

"Siku moja na kitu, papa," akasema Fidélie.

Tshiamala akadakia, "Lakini ndoa tutafanya kule kule, tata. Kuya huku ni mbali sana kwa batoto."

"Mbali?" Kisimba hakupaza sauti. "Tangu asubuhi munanifundisha kama avion inamaliza mbali. Sasa, saa ya kunileteya mutoto, mbali inarudia?"

Mkewe, Mama Henriette, alikuwa ameshaanza kulia. Kisimba akaisogeza simu karibu.

"Fidélie, myaka ine minaambia batu ku kanisa, mutoto hakuye juu njia ni mbali. Mama yako naye minamuambia vile. Kumbe ni siku moja?"

Fidélie akafunika uso. Aliyejibu ni Muamba: "Tutakuya, tata. Bote mbili."

Kisimba hakumsikia. Alikuwa anamngoja binti yake aondoe mikono usoni.