Mito ya Mgeni

Jumamosi jioni nilipeleka sufuria ya pilau kitongoji cha Apple Valley, kwa rafiki yangu nesi aliyekuwa akimpokea kaka yake kutoka Seattle. Kaka na mkewe walikuwa wamekatiza theluji siku nne ndani ya gari kubwa lenye vitanda, jiko na hita. Tulipomaliza kula, kaka akaaga aende kulala garini.

“Nje?” dadake akauliza. “Watu waseme nimemlaza kaka yangu barabarani?”

“Watu gani? Majirani wako hata hawakujui.”

Dada alitoka na ndara kwenye theluji, akarudi na mito ya wageni kutoka garini kwapani, akaipanga juu ya kitanda chake mwenyewe. Yeye angebanana na watoto. Mumewe, mtu mrefu, akaonyeshwa kochi.

Asubuhi nilipofuata sufuria yangu, nilimkuta mume huyo akishuka kutoka kwenye lile gari, akijinyoosha, uso mkunjufu.

“Shemeji,” akamwambia mgeni, “mbona mwondoke leo? Theluji bado. Kaeni hata wiki.”

Nimesikia wenyeji wengi wakimsihi mgeni asiondoke. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwamini.