Mume wa Perlita Aliye Baharini

Kabla mumewe hajaenda baharini, Perlita Dumalagan hakuwa mtu wa safari. Alikuwa na miaka tisa Hong Kong, nyumbani kwa Bi Lau, akimtunza mzee Lau, baba mkwe wa Bi Lau, ambaye hakufungua mdomo isipokuwa kuisema supu. Jumapili, siku ya mapumziko yetu sisi watumishi wa ndani kutoka Ufilipino, Perlita alikuja pale chini ya jengo la benki tunapotandika maboksi ya kukalia, akavua viatu, akala, akalala, akarudi kazini. Tukimwambia twende hata Macau, alituuliza Macau kuna nini ambacho hapa hakipo.

Kisha mumewe Arsenio akapata kazi ya upishi kwenye meli ya mizigo. Kwao Bicol walimchinjia nguruwe na mtaa mzima ukaja kumuaga. Perlita aliitazama sherehe hiyo kwenye simu aliyoiegemeza kwenye chupa ya sosi, huku anamenya tangawizi ya Bi Lau. Watoto wao wawili, Jomar na mdogo wake wa kike, wakabaki na mama yake Arsenio.

Meseji zikaanza. "Tumepita Suez. Joto." "Tumetia nanga Santos. Wabrazili wanakula maharage kila siku, kazi yangu imekuwa nyepesi." Picha hazikuja. Mtandao wa melini, alisema, unabeba maneno tu. Mara mojamoja alipiga simu, na nyuma yake kulikuwa na ngurumo ambayo alisema ni injini.

Perlita alitusomea meseji hizo zote. Watatu tulikuwa tunakaa boksi moja: yeye, mimi Weng, na Gerlie, mdogo wetu, ambaye mdomo wake hauna breki. Jumapili moja Perlita akaikunja simu yake kwenye kitambaa na kusema, "Huyu mwanaume ameona Brazili. Mimi nimeona jiko la Bi Lau na jiko la dada yake Bi Lau."

"Na vyoo vyao, dada," akasema Gerlie. "Usijipunje."

Hivyo ndivyo safari zetu zilivyoanza. Ya kwanza ilikuwa Taipei, siku mbili, sikukuu ikiwa imeangukia Jumatatu. Perlita alikwenda kuomba ruhusa na akarudi kutusimulia. Bi Lau alimuuliza, "Utarudi?" Akajibu atarudi Jumatatu. Bi Lau akauliza, "Na supu?" Akajibu supu ipo kwenye friza. Ruhusa ikapatikana.

Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi, na alikuwa na amri zake. Hakuna kupika. Hakuna kumnunulia bosi zawadi. Hakuna kupiga simu nyumbani mpaka jioni, kwa sababu ukipiga asubuhi utaambiwa paa linavuja, na siku imekwisha. Asubuhi ya kwanza Gerlie aliamka, na bila hata kufikiri akaosha vikombe vya hoteli na kutandika vitanda vitatu. Perlita alimtazama mpaka alipomaliza, kisha akavivuruga vitanda vyote kwa mikono yake.

"Beba mikoba yetu leo," akamwambia. "Ili ukumbuke uko likizo."

Baada ya Taipei tulikwenda Bangkok, tukarudi Taipei, tukaenda Bangkok tena kwa sababu ya embe. Kila mahali Perlita alipiga picha na kumtumia Arsenio, na kila mara jibu lilifika. "Bangkok nzuri. Lakini ungeiona Valparaíso ya Chile." Alilisoma kwa sauti ndogo, kisha akaanza kupanga safari nyingine.

Mara moja meli ya Arsenio ilipita Hong Kong. Alituma meseji kwamba hawaruhusiwi kushuka, ila Jumapili watapita karibu na magharibi ya kisiwa, meli yenye ubavu wa kijani. Tulikwenda watatu ufukweni. Perlita alikuwa amepika adobo, ile nyama ya siki ya kwetu, akaibeba kwenye bakuli la mfuniko, sijui alidhani ataipitisha vipi. Meli ikaja, kubwa kama mtaa, na ubavu wake kweli ulikuwa wa kijani. Tulipunga mikono mpaka mabega yakauma. Mtu mmoja mdogo kule juu akapunga.

"Ndiye," akasema Perlita. "Anapunga kwa mkono wa kushoto, ni yeye."

Tuliila ile adobo kituoni tukisubiri basi. Ilikuwa nzuri sana.

Sasa nije kwenye Macau. Mwezi Machi tulikuwa tumepanga kwenda Kaohsiung, kusini mwa Taiwan, lakini mbwa wa bosi wake Gerlie akashikwa na presha, na Gerlie akanyimwa Jumatatu. Ikabaki Jumapili peke yake. Siku moja inatosha Macau tu: unapanda basi la darajani, unasinzia kidogo, unagongewa pasipoti, umefika. Perlita alinuna. Kwake hiyo haikuwa safari, ilikuwa kuvuka barabara. Hata hivyo aliipanga kama alivyopanga nyingine: kwanza kanisa lililobaki ukuta wa mbele, kisha vikeki vya yai, kisha hekalu, kisha nyumbani.

Tulimaliza ukuta. Kwenye vikeki mvua ikatukuta, na Gerlie akasema miguu inamuuma na kuna hoteli jirani ambayo bendi ya watu wa kwetu hupiga saa za chai. "Tuwasikilize nyimbo mbili, dada, tupate kujua kama bado tunajua kulia." Perlita akasema nyimbo mbili na si zaidi.

Ukumbi wa chai ulikuwa na mazulia mazito na matajiri wachache waliokuwa wakitazama simu zao. Jukwaani kulikuwa na mpiga drams, dada mmoja mwenye gauni la kumetameta, na mwanaume mwenye koti la dhahabu na viatu vyeupe, ameshika gitaa, ameinamisha kichwa upande wa kulia. Alikuwa anaimba wimbo wa mapenzi wa zamani. Tulikaa. Perlita aliagiza chai. Mimi ndiye niliyeona kwamba chai imefika na hajaigusa.

"Weng," akaniuliza, "yule ni nani?"

Nilimjua kwa picha tu. Nikasema anafanana na mtu.

"Amefanana na mtu kweli," akasema Perlita.

Arsenio alituona katikati ya ubeti. Maneno yakampotea. Aliimba "la la la" mahali penye jina la mpenzi, akaendelea na "la la la" mpaka mwisho, na matajiri wakapiga makofi kidogo. Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa daraja moja, tena ndani ya basi lenye kiyoyozi.

Alikuja mezani bila kuvua koti. Akasimama. Perlita akaweka sukari kwenye chai, akakoroga.

"Mawimbi yanasemaje, Baba Jomar?"

"Yametulia," akajibu Arsenio.

"Kaa."

Akakaa. Gerlie hakuweza kujizuia. "Shemeji, ni yule wa gauni?"

"Nani?"

"Usijifanye. Yule wa kumetameta."

"Yule ni mke wa mpiga drams," akasema Arsenio. "Hanipendi. Anasema nachelewa kuingia kwenye kiitikio."

Ikawa kweli. Dada mwenyewe alikuja baadaye kuuliza kama huyu anatusumbua, na kwa sura yake tulielewa kwamba angefurahi tukisema ndiyo.

Basi akaeleza. Alipofika Manila kupanda meli, daktari akampima na kumwambia sikio la kushoto halisikii vizuri, melini hawamtaki. Wakati huo nguruwe alikuwa ameshaliwa. Hakuona atarudije kwa watu waliomaliza nguruwe. Binamu yake alikuwa na bendi Macau na mpiga gitaa wao amekimbia, akamwita. Alikusudia kumweleza mkewe wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

"Na unaimbaje na sikio moja?" akauliza Gerlie.

"Nageukia kulia."

"Na Suez?" akauliza Perlita. "Na Santos? Na hao Wabrazili wenye maharage?"

Hapo alitazama viatu vyake. Kuna mtandao, alisema, unaoonyesha meli zote za dunia ziko wapi. Alichagua meli moja akawa anaifuata kwenye simu. Ilipofika bandarini alisoma habari za mji huo kisha akamwandikia mkewe. Ngurumo ya injini ilikuwa mashine za kufulia za hoteli.

Nilidhani Perlita atalia, nikafungua mkoba kutafuta leso. Hakulia.

"Ile ya ubavu wa kijani," akasema. "Nani alinipungia mkono?"

"Sijui, Mama Jomar."

"Nilimpikia adobo."

"Mimi nilikuwa hapa," akasema Arsenio. "Tulikuwa na onyesho la mchana."

"Krismasi uliniambia uko Chile. Nikalia bafuni kwa Bi Lau, nimefungulia maji ili wasisikie. Kumbe uko ng'ambo ya pale. Ningesimama juu ya paa ningeziona taa za hoteli yako."

"Nilijua ungekuja kila Jumapili," akasema Arsenio. "Ungenikuta na hili koti."

Perlita akalitazama koti lile kuanzia kola hadi pindo. "Kungekuwa na mwanamke," akasema, "ningejua nimkasirikie nani."

Tulimaliza chai. Arsenio alikuwa na mapumziko mpaka jioni, akaomba atusindikize. Perlita akasema hekalu bado, na ratiba ni ratiba. Tukatoka wanne kwenye manyunyu. Kwenye njia panda ya kwanza Arsenio aligeuka kushoto, na kushoto kulikuwa na ukuta. Miaka mitatu Macau, alikuwa anajua ukumbi, bweni la wafanyakazi na duka la tambi lililo katikati. Hekaluni hakuwahi kufika. Perlita akatangulia mbele, mwavuli mkononi, na mwanaume wa koti la dhahabu akamfuata nyuma anaruka madimbwi. Watu wawili walitaka kupiga naye picha. Alikataa mmoja.

Kwenye basi la kurudi Gerlie alimwambia, "Dada, unajua kati yenu wawili ni wewe tu uliyesafiri?"

"Nyamaza, Gerlie," akasema Perlita. Lakini tulipofika katikati ya daraja alikuwa bado analifikiria hilo, nilimwona.

Hakumwacha. Watu wa pale kwenye maboksi walimshauri amwache, wengine wakamshauri amnyamazie kwa kuwa si mlevi. Yeye alifanya hivi: alimwamuru apige simu kwa mama yake na kwa mtaa, aseme mwenyewe. Arsenio alipiga. Mama yake akasema alikuwa anajua tangu mwaka wa kwanza, binamu alishamwambia, na aliona aibu kumwambia mkwewe. Hiyo ilimchoma Perlita kuliko ya meli. Alikaa wiki nzima bila kumjibu mtu yeyote wa Bicol.

Arsenio akawa anakuja Hong Kong kila Jumapili aliyopata nafasi. Alikaa ukingoni mwa maboksi yetu, mwanaume pekee kati ya wanawake mia, kama mzigo ambao mwenyewe ameusahau. Perlita hakuongea naye mwezi wa kwanza. Alimpa chakula, kwa sababu chakula ni chakula. Mwezi wa pili alimwambia asogee, amemzibia upepo. Gerlie akasema hayo ndiyo mazungumzo. Siku moja alikuja na gitaa, na wanawake wa maboksi ya jirani wakamwomba nyimbo. Aliimba vizuri kuliko hotelini. Perlita alilala au alijifanya amelala, amefunika uso kwa kofia, na Arsenio alipofika kwenye kiitikio niliona kidole cha mguu wake kinatikisika.

Mwezi wa sita Perlita akamwambia neno la mwisho kuhusu jambo hilo. Nilikuwepo, nimekaa katikati yao nikichambua karanga.

"Watoto wana mama aliye mbali," alisema. "Mzazi mmoja anatosha kuwa mbali. Nenda nyumbani, Baba Jomar."

"Nikafanye nini?"

"Kuna bajaji ya kaka yako imelala nyuma ya nyumba. Na kuna harusi za watu. Utaimba."

"Watanicheka."

"Watakucheka," Perlita akakubali. "Baadaye watachoka."

Akaenda. Walimcheka, na sijui kama wameshachoka. Binti yao alituma picha na ujumbe kwamba baba anaunguza wali na kwamba jioni wanakaa nje anawafundisha gitaa. Perlita aliionyesha picha hiyo kwa watu wote, hata kwa dada mmoja wa Indonesia ambaye alikuwa anapita tu kwenda chooni.

Yeye akaweka sahihi kwenye mkataba mwingine wa miaka miwili kwa Bi Lau. Mzee Lau alipoambiwa, siku hiyo hakuisema supu.

Novemba tulikwenda Kaohsiung, mbwa akiwa amepona. Mvua ilinyesha siku zote mbili. Hatukuona mnara wala ziwa wala chochote kati ya vitu alivyovipanga, tulikaa ndani ya soko lenye paa la bati tukila chaza wa kukaanga na mayai, tukaagiza tena. Gerlie alikuwa anamwigiza bosi wake akimpima mbwa presha. Perlita alicheka mpaka akakohoa, kisha akaweka kichwa mezani kati ya sahani, akapitiwa na usingizi. Mwenye kibanda alikuja kutaka kufuta meza. Tulimwonyesha kwa vidole amzunguke, naye akafuta akimzunguka.