Barua ya Mkunga kwa Wakala

Mkunga mmoja mstaafu aliandika riwaya kwa miaka sita. Akatuma barua kwa mawakala kumi na mmoja, wale wanaowatafutia waandishi wachapishaji. Saba walikataa kwa adabu, wengine wakanyamaza jiii. Akaufungia mswada kabatini, chini ya mashuka.

Wifi yake, karani wa mahakama aliyezoea kusoma maombi ya watu, akataka kuiona barua yenyewe. Aliisoma amesimama mlangoni.

"Wifi, unazunguka mbuyu. Umeomba radhi mara tatu, umetaja na vyeti. Hadithi inamhusu nani?"

"Mkunga."

"Mkunga gani?"

Mkunga akatazama kabati. "Aliyezalisha wanawake wa mtaa mzima, akashindwa kumwokoa mtoto wake mwenyewe."

Wifi akaketi. Tangu mkunga afiwe na mwanawe, hakuwahi kumsikia akimtaja mtoto yule.

"Basi anzia hapo, mwenzangu," alisema taratibu.

Barua mpya ilikuwa fupi, lakini ilimliza mkunga kuliko riwaya nzima. Wiki tatu baadaye wakala mmoja akaomba mswada wote. Mkunga aliutuma, kisha akaenda makaburini peke yake kumpa mwanawe habari.