Sauti ya Bwawani

Jumapili iliyopita, juu ya kile kilima ambako watu hupanda kuitazama London, nilisikia mama mmoja akimwita mtoto wake, na nikageuka upesi.

Nilipokuwa mdogo, mama alinipeleka hapo siku ya baridi kali. Kilele kilijaa watu wanaopiga picha, basi tukashuka hadi kwenye bwawa lililojificha katikati ya miti. Maji yalikuwa yameganda, majani yaliyooza yananuka. Nikamfuata bata nyuma ya vichaka.

"Zuhura! Zuhura!"

Ilifanana na sauti ya mama, ila ilikwaruza, na mwenyewe simwoni. Bibi alishanionya kwa simu kutoka Tanga: "Ukiitwa penye maji na humwoni anayekuita, usiitike. Ni jini."

Nikajibana, nikaziba mdomo kwa glavu zinazonuka sufu iliyolowa. Jini likaita tena, sasa likilia. Sikujua kwamba hofu hubadilisha sauti ya mtu.

Kisha barafu ikapasuka. Nikachungulia. Mama alikuwa ndani ya bwawa, maji magotini, akipapasa chini ya barafu kunitafuta.

"Abee, mama!"

Mpaka leo akiniita, naitika kabla hajamaliza jina langu.