Majina Kumi na Saba

Mwalimu alikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: barua ya malalamiko isiyo na majina ni umbea. Miaka kumi na tisa aliwaimbia hivyo wanafunzi wa ustawi wa jamii. Kila mwaka walichora ubaoni ramani ya madaraka, nani ana kauli na nani hana, kisha wakaenda kwa watu wenyewe kuwasaidia kuandika.

Mwaka ule walikwenda kwa akina mama wanaosubiri viti vya magurudumu vya watoto wao. Ofisi ya ustawi iko ghorofa ya tatu, lifti ilishakufa zamani, na kila mama lazima ampandishe mtoto mgongoni ili maofisa wajionee kwa macho kwamba hatembei. Aliyebuni utaratibu huo sijui akili aliiacha wapi. Barua iliomba jambo dogo tu: meza ya ukaguzi ihamishiwe ghorofa ya chini.

Mama mmoja, fundi cherehani, alisita. "Hawatanichukia hawa, Mwalimu?"

"Andika tu, mama. Jina lako ndilo nguvu yako."

Akaandika. Wote kumi na saba waliandika.

Mwezi haujaisha, fundi cherehani alimfuata darasani. Majina yote kumi na saba yameondolewa kwenye orodha ya viti, eti kwa uhakiki. Mwalimu alizipanda ngazi zile akihema. Nyuma ya meza alimkuta mwanafunzi wake wa zamani, ambaye wenzake walimwita Profesa, aliyeongoza darasa zima. Kijana alisimama kwa heshima, akampa kiti chake.

"Umewatoa wewe?"

"Mkubwa alitaka barua zikome, Mwalimu. Nikachora ile ramani yako. Wasio na wa kuwasemea ndio wa kuanza nao." Hakuwa na kejeli hata chembe, na hilo ndilo lililomkata Mwalimu maini.

"Watarudi lini?"

"Wanaanza foleni upya. Miaka minne, wakibahatika."

Mtoto wa fundi cherehani ana miaka kumi, anazidi kuwa mzito, na mgongo wa mama yake umeshaanza kugoma.

Kesho yake Mwalimu aliingia darasani kama mtu aliyetoka mazikoni. Msichana wa mbele akauliza, "Barua ya safari hii tuweke majina ya nani?"

"Wekeni langu."

"Lakini wewe husubiri kiti, Mwalimu. Hawataisoma."

"Najua," alisema, akaketi.