Pale Redio Ilipomwachia

"Bi Mabruka, umesema moyo au umesema mbwa?"

Shaikha alimuuliza hivyo mbele ya wanawake waliojaa msibani, hapa Ibra, Oman, mwaka wa tisini na saba. Walikuwa wanaomba ile dua ya kumtaka Mwenyezi Mungu authibitishe moyo wa mja katika dini Yake, na Mabruka akaiomba kwa sauti. Moyo kwa Kiarabu unaanza na qaf, herufi inayotoka ndani kabisa kooni. Mabruka akaitamka kaf, kama tunavyosema kaka na kuku, na kwa kaf neno lile linakuwa mbwa. Masikini, alikuwa anamwomba Mola wake amthibitishie mbwa.

Wanawake wakainamisha vichwa wasionekane wanacheka msibani, lakini mabega yalikuwa yanawatikisika. Shaikha hakuwa mtu mbaya. Alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mzaliwa wa Unguja mjini, na mzaha ulimtoka kabla hajaupima. Mabruka naye akacheka, akasema mbwa pia kiumbe wa Mungu, na wakazidi kutikisika. Ila tangu siku ile hakutoa sauti tena. Akienda khitmani, kwenye kisomo cha marehemu, alikaa nyuma, juzuu mkononi, akichezesha midomo tu.

Kusoma hakujua. Alizaliwa Burundi, kwenye duka la baba yake, kijiji cha milimani ambako nyumba ya Kiislamu ilikuwa yao peke yake. Chuo cha Kurani hakikuwapo. Baba alifariki yeye mdogo, akabaki na Alhamdu na sura chache fupi alizozipata kwa mama yake, ambaye naye alizipata kwa kusikia. Shuleni alifundishwa herufi za Kizungu; za Kiarabu hazikuwahi kuzoeana na macho yake. Akaolewa na Amur, mtu wa Unguja, aliyehitimu chuo angali mtoto na Yasini ameihifadhi yote. Walipohamia Oman, Amur akapata kazi ya kuendesha basi la shule, nao wakaishi kwa amani, bila mtoto lakini bila ugomvi. Amur alimwona mkewe anarudi khitmani kila mara, akaamini anasoma kama wenzake. Hakumuuliza, na mke hakumwambia.

Kisha moyo wa Amur ukaanza kuchoka. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, basi la shule akamwachia mwingine. Siku moja amekaa kitandani, mkewe anamkanda miguu, akamwambia, "Ikinifika saa yangu, usinitilie kaseti. Nisomee Yasini wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

Mabruka akasema inshallah. Akaenda jikoni kuchagua mchele ambao alikwisha kuuchagua asubuhi.

Mlango aliofunguliwa ulikuwa redio. Kulikuwa na stesheni ndogo ya FM, sauti yake hafifu, na kila siku baada ya adhuhuri mwalimu mmoja, Ustadha Tahira, akisomesha matamshi ya Kurani. Makari, wale wasomaji wa kwenye kaseti, huenda mbio na hawamngoji mtu. Huyu alilivunja neno vipande vipande, akalirudia, na wanawake wakimpigia simu na kukosea aliwasahihisha kwa upole, kama mtu anayemtoa mwenzake uzi kwenye nguo. Mabruka hakupiga simu. Amur akilala mchana, yeye aliiweka redio juu ya friji, mahali pekee iliposhika vizuri, akakaa chini na kofia anayoitia nakshi, akafuatisha.

Qaf ilimsumbua kwanza. Aliisukuma kooni mpaka Amur akaamka na kuuliza chumbani nani anakabwa huko. Akamjibu ni mwiba wa samaki. Siku hiyo walikula dengu.

Ikaja ikawa nyepesi, qaf ikakaa mahali pake. Ustadha Tahira akaingia Yasini, na Mabruka nyuma yake, aya kwa aya, akihifadhi anapofuma, akirudia anapokosha vyombo. Mwezi ukaisha, na mwingine. Wakavuka nusu. Wakafika kwa watu wa Peponi, wao na wake zao, wamepumzika vivulini, wana matunda na kila wanachokitaka. Hapo Ustadha akafunga somo. Akasema kesho, Mungu akipenda, wataanza na aya ya salamu, ile ambayo Mola mwenyewe anawasalimu watu wa Peponi, na wajitayarishe kwa herufi ya sin, wasiichanganye na swad wala tha.

Kesho yake Mabruka akafungua redio, akasikia samaki anakaangwa. Ssss, moja kwa moja, bila kupumzika. Sauti ya Ustadha ilikuwamo, mbali, nyuma ya mafuta yale. Maneno mengine aliyakamata, lakini sin, swad, tha, shin, zote zilikuwa kitu kimoja. Herufi alizozihitaji ndizo zilizoliwa. Akageuza redio, akavuta waya, akaipeleka mpaka uani kwenye tende zilizoanikwa. Ssss. Siku ya pili vilevile, na ya tatu.

Akamwita Muatasim, mtoto wa kaka yake, aliyefanya kazi Nizwa kwenye mambo ya mitambo ya simu. Kijana akaja Ijumaa, akampa shikamoo, akaisikiliza, akatikisa kichwa.

"Shangazi, redio yako mzima. Ni hii mawimbi ya jirani."

"Haya mawimbi," Mabruka akamrekebisha. "Jirani gani?"

Akamweleza kuwa stesheni kubwa iliyo pembeni ya ile yake imeanza majaribio ya matangazo ya kidijitali. Matangazo ya zamani hukaa kwenye nafasi yake, alisema, lakini haya mapya yanabebwa huku na huku ya wimbi la stesheni, na yakiwa na nguvu yanamwagikia kwa mwenye nafasi ya jirani. Ni kama mtu anayejenga nyumba kubwa na kuusogeza ukuta kwenye uwanja wa mwenzake. Redio ya kawaida haiyaelewi, inayasikia kama mvumo tu.

"Na hayo mapya nani anayasikiliza hapa Ibra?"

Muatasim akacheka kidogo. "Wallahi, hakuna. Redio zake hazijafika madukani."

Akapanda darini akafunga eriali. Mvumo ukapungua kidogo, jioni ukarudi. Aliporejea Nizwa aliulizia kwa watu anaowajua, akajibiwa kuwa wale wanacho kibali, na majaribio yana muda wake, wenye kusumbuka wasubiri.

Amur hakuwa na muda. Mabruka alifikiri amwambie ukweli amfundishe yeye, lakini pumzi ya mumewe haikuvuka maneno matatu. Akamfikiria Shaikha, ambaye Kurani aliijua vizuri. Akakaanga vitumbua, akampelekea, wakakaa wakazungumza habari za bei ya ndimu na harusi ya Wiam, binti wa Shaikha. Neno lilimfika ulimini, akaliona lile swali la mbwa, akalimeza. Alirudi nyumbani na sahani tupu. Mara ya pili akapeleka halua, na ikawa vilevile.

Saa ya Amur ilikuja baada ya laasiri. Alimwangalia mkewe tu, na mkewe akajua. Akamgeuza kuelekea kibla, akamlowesha midomo kwa pamba, akamtamkia shahada taratibu. Amur akainua kidole. Kisha Mabruka akaanza Yasini. Sauti ilimtoka safi, qaf zote mahali pake, na uso wa Amur ukatulia, macho hayakumbanduka mkewe. Akafika kwa watu wa Peponi na wake zao vivulini, na matunda yao, akanyamaza.

Amur akangoja. Alipoona kimya, midomo yake ikasogea yenyewe kuifuata aya inayokuja. Halikutoka neno, ilitoka pumzi tu katikati ya meno. Ssss. Mabruka aliijua ile herufi, ni sin ya salamu. Lakini baada yake hakuwa na kitu cha kumpa, na aliogopa kumtilia mtu anayekwenda kwa Mola wake herufi iliyopotoka. Akarudi mwanzo, akasoma tena mpaka kwenye matunda, akasimama. Amur akangoja tena. Mara ya tatu, kabla hajafika huko, hakuwapo wa kumngoja.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Walimzika kabla ya isha.

Mabruka akakaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki. Katikati ya eda, siku moja mchana, aliifungua redio akaikuta kimya, safi, mvumo umeondoka kama haukuwapo. Majaribio yalikuwa yamesimamishwa. Ustadha Tahira alikuwa amekwisha kuimaliza Yasini zamani, sasa anasomesha sura nyingine. Mabruka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaizima.

Jioni Shaikha akaja na birika la kahawa, kama alivyokuja kila siku tangu msiba. Akamsifu marehemu, akasema watu walivyosimulia kuwa alisomewa na mkewe, na kwamba si kila mtu hujaaliwa hilo. Mabruka alikuwa ameishika kofia aliyokuwa akimtilia Amur nakshi, haijaisha. Akaiweka chini, akamshika jirani yake mkono.

"Shaikha, siku ile nilisema mbwa kwa kuwa sikufundishwa. Nifundishe aya ya salamu na zinazofuata, nimsomee Amur mpaka mwisho."