Kizingiti cha Hekalu la Bahari

Niapie kwanza. Weka mkono kifuani, useme: sitamwambia Neema. Neema ni binti wa marehemu mdogo wangu, ndiye yule muuza nguo za watoto karibu na stendi ya Njombe, na amenikataza nisiisimulie habari hii popote, hata kanisani. Umeapa? Haya. Tulipokwenda Guangzhou kununua mizigo, Neema alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na duniani aliyejua ni mimi peke yangu.

Umeona nilivyo. Nilipokuwa mtoto nilikuwa hivihivi. Wenzangu walicheza rede uwanjani, mimi nikicheza na maneno ya watu wazima. Siku mama yangu aliposhikwa na uchungu, bibi, ambaye ndiye aliyekuwa mkunga wa kijiji, alipita nyumba nzima akitoa amri. Mafundo yote yafunguliwe. Masanduku yaachwe wazi. "Na mtu asikae kizingitini," akasema. "Mlango ukizibwa, mtoto naye huko aliko huona njia imezibwa."

Wote walitii. Mimi nilitaka kusikia. Wanawake wakiwa na mzazi ndani husemeshana mambo ambayo hutayasikia mahali pengine, basi nikajikalia kizingitini, mlango wa chumba cha nyuma, sikio kwenye ubao. Jua likapanda, likafika utosini. Sauti za ndani zikapungua, mwisho zikanyamaza kabisa. Bibi akatoka kufuata maji, mguu wake ukagonga mgongo wangu.

Hakunipiga. Alininyanyua kwa kwapa moja kama kuku, akaniweka kando ya jiko, akasema polepole, "Kumbe ni wewe uliyekuwa unamzuia."

Sijakaa vizuri, tukasikia mtoto analia. Mtoto yule ndiye Tumaini, mdogo wangu, mama yake Neema. Tangu siku hiyo nikiona mtu amekaa mlangoni, mgongo huniwasha palepale mguu wa bibi ulipogonga.

Sasa, Guangzhou. Siku kumi na moja tulipanda na kushuka ngazi za maduka ya Zhanqian, tukibishana bei na malaoban, wenye maduka ya magauni, mpaka mizigo yote ikafika kwa wakala. Ikabaki siku moja kabla ya ndege. Hotelini tulikuwa na Mama Clarisse, mfanyabiashara wa Lubumbashi, mama mwenye kicheko cha kuamsha ghorofa. Akatuambia, "Mutarudia kwenu na kusema muliona maduka tu? Ah non! Twende tuone vitu vya zamani."

Tukapanda treni ya chini ya ardhi mpaka mbali, huko mto unakopanuka kuelekea baharini, ambako kuna hekalu la mungu wa bahari. Wanasema mabaharia wa kale walisali hapo kabla ya kutoka. Ilikuwa mwezi wa tatu, ukungu umelala juu ya kuta nyekundu. Misufi ya pale haikuwa na jani hata moja, ila maua tu, mekundu, makubwa kama vikombe, yakianguka moja moja: pu. Kisha kimya. Kisha pu. Vikongwe wa Kichina walikuwa wakiyaokota, wayakaushe wafanye chai. Nikajiona kama ninatembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Ndani kuna sanamu ya mtu mweusimweusi, mgeni, ameweka kiganja juu ya macho anatazama mbali. Binti mmoja mwanafunzi akatutafsiria kwa simu yake: huyu alikuja kwa meli kutoka nchi ya mbali, akashuka kupanda miti, akanogewa, upepo ukaja mzuri, wenzake wakaondoka. Tangu hapo anatazama bahari.

"Huyu ni ndugu yetu kabisa," akasema Mama Clarisse. "Viza iliisha, bakamuacha!"

Neema alicheka mpaka akashika ukuta. Nikafurahi, maana siku zile alikuwa hacheki. Ngoja nikwambie kwa nini. Mara mbili alishika mimba, mara mbili wakatangaza mapema, na mara mbili Elia, mume wake, fundi seremala, alichonga kitanda cha mtoto, kisha akakipasua kuni. Nilipomkuta Neema anatapika kwa harufu ya bata wa kuchoma, alinishika mikono yote miwili. "Mama mkubwa, mpaka mwezi wa nne wa mimba upite. Nikimpoteza huyu, nimpoteze peke yangu, Elia asijue. Niapie." Nikaapa. Na siku zote hizo nikatunza, ulimi ukiniwasha kama niliyekula magimbi mabichi.

Basi tukiwa pale Elia akapiga simu ya video. "Shikamoo, mama mkubwa!" Marahaba, mwanangu. Neema akampa Mama Clarisse simu amwonyeshe shemeji yake hekalu, yeye apumzike kidogo, miguu imevimba. Mimi nikaenda kuokota maua na vikongwe wenzangu.

Nilipoinua kichwa, Neema alikuwa kwenye lango la ndani. Malango ya kule yana kizingiti cha mbao kinachofika karibu na goti. Alikuwa amekikalia, mguu mmoja ndani, mmoja nje, mgongo kwenye nguzo, macho ameyafumba. Mfagiaji wa hekalu, mama wa rika langu, akatupa ufagio akaenda mbio. "Bu xing! Bu xing!" Hilo tunalijua wote, ndilo wanalotuambia tukiomba bei ishuke: haiwezekani.

"Mama, nimechoka, dakika moja tu," akasema Neema, kwa Kiswahili, bila kufumbua macho.

Yule mama akagonga ule ubao kwa kiganja, akatikisa kichwa, akasonya. Msonyo ule! Nchi yote ile, ukungu wote ule, nikamsikia bibi yangu.

Nimewaza sana tangu hapo. Bibi hakuwahi kuona bahari, na mfagiaji yule Njombe hajaisikia. Huenda bibi alitaka tu njia ya kupitishia maji ya moto, na hawa wanatunza mbao yao isilike. Sijui. Sikusoma hivyo. Ninachojua ni kwamba wote wawili waliutazama mlango kama kuna mtu amesimama upande wa pili, mgeni, amebisha hodi, anangoja kupishwa. Na mimi maisha yangu yote nimekaa milangoni nikisikiliza, sijawahi kufikiri kuna anayetaka kupita.

Lakini siku ile sikuwaza lolote. Mgongo ulinichoma, nikapiga kelele mpaka njiwa wakaruka juu ya paa:

"Neema! Toka kizingitini! Unamzibia mtoto njia!"

Ua likaanguka. Pu.

Neema alisimama haraka, mkono tumboni, akaruka akatua ndani. Mfagiaji akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaokota ufagio wake. Mama Clarisse akanigeukia, simu mkononi, kioo kinanitazama mimi.

"Mutoto? Mutoto gani?"

"Mama mkubwa," ikasema sauti ndani ya simu, ndogo, kama ya mtu aliyeko kisimani. "Umesema mtoto?"

Kwenye kioo nikamwona Elia akikaa chini, sakafuni, palepale alipokuwa amesimama. Wanafunzi walikuwa wamekusanyika, vikongwe wameacha kuokota, watu wote wa uani wananitazama, mdomo wangu bado wazi, upande wa kitenge umejaa maua. Na kutoka ng'ambo ya lango Neema, machozi yanamtoka na kicheko kinamshinda, ameninyooshea mkono mzima:

"Ni huyu! Mama Clarisse, mshike huyo mama, aliniapia!"